Mara Moja Ipi?

Ng'ombe wa kumi na moja wa Kwandu alikufa asubuhi ileile Domisiana alipofika Bisibo, kwa hiyo mahojiano yalifanyika mzoga ukiwa bado zizini.

Mizoga haikumtisha Domisiana. Miaka kumi na tisa ya upelelezi wa polisi ilikuwa imemwonyesha mabaya zaidi ya hayo. Sasa alikuwa mpelelezi wa Umoja wa Wauza Pembejeo wa Ngara na Biharamulo, kazi ambayo shemeji zake waliicheka waziwazi. Umoja ulikuwa wa wenye maduka wenyewe, wauza mbegu, mbolea na dawa za mifugo. Miaka minne iliyopita, walipochoka kuitwa matapeli, walijiwekea kanuni: mwanachama hatangazi kitu redioni wala kwa kipaza sauti mpaka kamati yao isome kila dai na kuligongea muhuri. Kila tangazo lililopitishwa lilimalizika kwa maneno matatu, "Tangazo hili limepimwa," na kwa kweli watu waliyaamini maneno hayo kuliko walivyowaamini wenye maduka.

Wafugaji tisa wa Bisibo walikuwa wamelalamikia Safikupe, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na kamati ingekaa Jumamosi mchana. Ikiamua kwamba kosa ni la wafugaji, tangazo lingeendelea kupigwa, na ng'ombe waliobaki wangeogeshwa kama walivyoogeshwa hawa waliokufa. Kwandu alibakiwa na wanne.

"Shikamoo, mama."

"Malahaba, binti yangu. Kaa hapo, kuna kivuli."

Kwandu alikuwa mjane wa zaidi ya miaka sitini, aliyehamia Bisibo na mumewe kutoka Shinyanga wakifuata malisho. Alikuwa mrefu, mkavu, na hakuwa na machozi ya kuonyesha wageni. Mzoga aliuelekeza kwa kidevu tu.

"Matezi yalimvimba hapa chini ya sikio. Homa, akaacha kula, akaanza kuhema. Siku ya mwisho povu puani. Kama wenzake wote."

Ndigana kali, basi. Ugonjwa wa kupe, na kupe ndio waliotakiwa kuuawa na Safikupe. Domisiana aliomba chupa. Aliishika kwa leso kwa mazoea ya polisi, akasoma namba ya toleo na kuilinganisha na orodha aliyopewa na wasambazaji, kisha akachunguza lakiri iliyobaki shingoni mwa chupa. Haikuwa dawa bandia. Dhana ya kwanza ikafa hapo.

"Nionyeshe ulivyochanganya."

Kwandu alileta ndoo ileile na kifuniko kilekile, akapima mbele yake bila kusitasita. Kipimo kilikuwa sawa mpaka tone la mwisho. Dhana ya pili, ambayo wenye maduka walikuwa wameishikilia kwa mikono miwili, nayo ikafa. Wakamkamata mtamba mmoja aliyekuwa na kupe masikioni, wakampulizia, wakasubiri. Baada ya saa mbili kupe walikuwa wakidondoka wenyewe.

"Kumbe dawa inaua," alisema Domisiana.

"Nani alikwambia haiui? Siku ile iliwaua wote. Halafu wakaja wengine."

"Na hao wengine ukawafanya nini?"

"Ningewafanya nini?" Kwandu alimshangaa. "Dawa yenyewe inataka mala moja. Nikaogesha mala moja."

Kalamu ya Domisiana ilisimama.

"Nani alikwambia mara moja?"

"Gali la matangazo." Mama yule alijinyoosha, akaiga sauti ya kipaza sauti vizuri kiasi kwamba mbwa wake alinyanyuka. "Ukiona kupe, ogesha mala moja! Safikupe, kinga ya ng'ombe wako! Tangazo hili limepimwa!" Akakaa tena. "Nilikuwa na dawa yangu ya zamani, ya kila wiki. Nikaiacha. Hii si imepimwa?"

Domisiana aliigeuza chupa. Chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, paliandikwa: Rudia kila baada ya siku saba. Kwandu hakujua kusoma. Hata anayejua kusoma angehitaji miwani na jua la saa sita.

Neno lenyewe lilikuwa na nyuso mbili. Ogesha mara moja, yaani haraka, usichelewe. Ogesha mara moja, yaani moja tu, inatosha. Kila aliyepita shule anaujua utata huo, na huulizwa kwenye mtihani. Swali lilikuwa ni nani aliyeuingiza katika tangazo la dawa, na kama aliuingiza kwa kupitiwa au kwa makusudi. Domisiana alikuwa na mtu wake tayari. Thobias, mwenye gari la matangazo, alijulikana wilaya zote mbili kwa kutia chumvi.

Kabla hajaondoka alimwambia Kwandu aogeshe na wale watatu wengine siku hiyohiyo, kisha wanne wote kila Jumatano.

"Wewe nitakusikiliza," alisema Kwandu, ambaye hakuwa amemwuliza hata jina. "Umekuja mwenyewe, ukapima kwa mikono yako. Wale wa ofisini hata sura zao sizijui."

* * *

Alhamisi alimkuta Thobias katika mji wa Kabanga, mpakani na Burundi, karibu na wabadilisha fedha, akisugua pikapu yake yenye vipaza sauti viwili juu ya paa. Alikuwa Mhangaza wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake.

"Dada Domisiana! Umekuja kunikamata?"

"Inategemea. Safikupe umeisomaje Bisibo?"

"Kama irivyoandikwa."

"Thobias, wewe ndiye uliyewahi kusema mbegu za mahindi zinaota kwenye mwamba."

"Hiyo ni kabra ya kamati." Alifuta mikono kwenye suruali, akatoa jalada la plastiki chini ya kiti. "Siku hizi sithubutu. Soma mwenyewe."

Alisoma. Karatasi ilikuwa na muhuri wa Umoja, rangi ya zambarau, na maneno yalikuwa yaleyale aliyoyaiga Kwandu, herufi kwa herufi. Thobias hakuwa ameongeza hata nukta. Domisiana aliona aibu kidogo, maana alikuwa ameshamhukumu njia nzima kutoka Bisibo.

"Na hapa mpakani unasoma hii hii?"

"Hapa nasoma Kirundi. Warundi wanavuka kununua, Kiswahiri cha haraka hakiwaingii." Akachomoa karatasi ya pili, iliyoandikwa kwa mkono.

Domisiana alizaliwa Rulenge, na kwa mwenye Kihangaza, Kirundi hakihitaji mkalimani. Alishuka na mistari mpaka kwenye kuogesha, akaliona neno. Rimwe.

Alilisoma tena. Kirundi hakina mzaha huo wa Kiswahili. Anayetaka kusema haraka husema ningoga. Anayesema rimwe amehesabu, na hesabu yake imeishia kwenye moja. Mfasiri wa karatasi ile alikuwa amefika njia panda na akachagua.

"Nani alitafsiri?"

"Nirianza mimi, nikakwama hapo hapo ulipoweka kidore. Nikapereka Rurenge. Nikamwuriza, Mwarimu, mara moja ipi? Kwetu ziko mbiri. Akachukua karamu, akaandika mwenyewe ukurasa wote."

"Mwalimu gani?"

Thobias alimwangalia kwa huruma. Hakuwa na haja ya kutaja jina, na Domisiana hakuwa na haja ya kuuliza. Wino ulikuwa mwekundu. Mkia wa herufi g ulikuwa umekunjwa kushoto kama ndoana. Mwandiko huo ulikuwa umesahihisha madaftari yake kwa miaka minne ya sekondari. Ndio ulioandika barua ya kumpendekeza kazini alipotoka polisi, siku ambazo hakuna aliyekuwa akipokea simu zake. Mwalimu Juvenali Ndayisaba, mwenyekiti wa kamati, ndiye aliyeziandika kanuni zote.

Iliuma. Alisimama pale kati ya makelele ya mpakani, akajikuta anatafuta maelezo mengine kama mke anayetetea mume. Labda Thobias ameghushi. Lakini Thobias, hata katika karatasi zake mwenyewe, hakuwahi kukunja g namna ile.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mararamiko yote yanaperekwa kwa mwenyekiti."

Domisiana alimwandikia stakabadhi ya karatasi aliyoichukua, tarehe, saa na saini, akaitia karatasi kwenye bahasha.

* * *

Ofisi ya Umoja ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la Mwalimu, hapo Rulenge. Ijumaa asubuhi Mwalimu alikuwa bado misani. Domisiana alikuwa na ufunguo wake wa kabati, kwa mujibu wa kanuni, na alijua Safikupe iko jalada gani.

Rasimu ya kampuni inayotengeneza dawa ilikuwa juu. Ilichapwa kwa kompyuta, nadhifu: Ukiona kupe, ogesha papo hapo, na urudie kila baada ya siku saba. Mstari mwekundu ulikuwa umepita juu ya "papo hapo", ukaendelea bila kunyanyuka mpaka mwisho wa sentensi. Juu yake paliandikwa "mara moja".

Alikaa chini. Alikuwa amekuja kutafuta uongo wa mfanyabiashara uliopenya kamati. Kumbe mfanyabiashara alileta ukweli, na kamati ndiyo iliyoufuta.

Nyuma ya rasimu ilikuwa fomu ya kuidhinisha. Kanuni ilidai saini mbili, ya mwenyekiti na ya mpelelezi. Ya kwanza ilikuwa ya Juvenali Ndayisaba. Ya pili ilikuwa ya Domisiana Nahimana.

Aliitazama kwa muda mrefu akidhani atagundua imeghushiwa. Haikuwa imeghushiwa. Alikumbuka siku yenyewe. Shangazi yake alikuwa amefariki, basi lilikuwa linapiga honi, na Mwalimu alimletea fomu tano tupu. "Saini tu hapa, binti, nitajaza mwenyewe. Usije ukakosa mazishi." Kwa mtu mwingine yeyote angekataa. Alikuwa amewafunga watu kwa kusaini karatasi tupu. Kwa Mwalimu alisaini zote tano, na akasema asante.

Mlango ulifunguliwa. Mwalimu Juvenali aliingia na kofia mkononi, mzee mwembamba wa miaka sabini na mmoja, shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu." Alimwamkia kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuanza.

"Marahaba. Umewahi kurudi. Wamekosea vipimo, siyo?"

"Vipimo ni sahihi. Dawa ni halisi. Kupe walikufa nikiwaona." Akaiweka rasimu mezani. "Mara moja ipi, Mwalimu?"

Juvenali aliitundika kofia yake taratibu kabla ya kujibu.

"Maana huwa kwa msikilizaji, binti. Neno lile ni la kweli. Ukiona kupe, usichelewe. Kuna uongo gani hapo?"

"Kwa Kiswahili, hakuna." Akaifungua bahasha, akaiweka karatasi ya Kirundi juu ya rasimu, kidole kikiwa chini ya neno.

Mzee alisoma mwandiko wake mwenyewe. Akakaa.

"Hukuwepo kwenye kikao," alisema hatimaye. "Wanachama kumi na wawili walitaka kujitoa. Walisema kamati inawanyonga. Dawa ya kila wiki haitangaziki, nani ataiacha yake ya zamani? Wangetoka hao, kamati ingekufa, na uongo wote ungerudi barabarani. Mbegu za kuota kwenye mwamba, unakumbuka? Nikawapa neno moja. Moja tu, la kuokoa mengine yote."

"Kwa Kwandu wamekufa kumi na mmoja."

"Sikujua watakufa."

"Ulijua wataogesha mara ngapi?"

Mzee aliisukuma karatasi ya Kirundi pembeni. Domisiana aliwahi kuhoji wezi na wauaji, na aliijua sura ya mtu anayetafuta uongo mpya. Hii haikuwa hiyo. Mzee alikuwa hana uongo mwingine, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Ulinifundisha mwenyewe, Mwalimu. Kidato cha pili. Ulitusimamisha mmoja mmoja tutaje sentensi zenye maana mbili. Nilikuwa nakuogopa, lakini nilikuwa naamini kila ulichosema. Mpaka juzi nilikuwa naamini."

"Basi andika ni utata wa lugha." Sauti yake ilikuwa imeshuka, karibu ya kubembeleza. "Kamati itarekebisha kimya kimya. Kampuni itabadili maneno. Wafugaji wataelimishwa. Kwa nini tubomoe nyumba nzima?"

"Kwa sababu Jumamosi mtasema kosa ni lao. Na mpaka mbadilishe maneno, Thobias atakuwa anazunguka."

"Bila mimi huwezi kuzuia kitu. Kila uamuzi ni saini mbili."

"Kuidhinisha ni saini mbili. Kufuta inatosha moja, yako au yangu." Akauchukua muhuri mezani. "Kanuni ya nane. Na marekebisho yasomwe kwa sauti ileile, mahali palepale, na majina ya walioidhinisha yatajwe. Uliandika wewe, Mwalimu. Zama hizo ulikuwa unauogopa uongo kuliko sisi sote."

Juvenali alimtazama akigonga muhuri. Kisha akasema, bila chuki yoyote, kama anayemkumbusha mtoto asisahau mwavuli:

"Majina ni mawili, Domisiana."

"Nimeyaona."

"Watu hawatauliza habari ya mazishi ya shangazi yako."

"Najua."

"Utakuwa umejimaliza."

Alizitia karatasi zote kwenye mkoba. Mlangoni alisita, kwa mazoea tu, akingoja aambiwe aende salama. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso kwenye meza tupu. Akatoka.

* * *

Jumamosi ni siku ya mnada Bisibo. Kufikia saa nne asubuhi uwanja ulikuwa umejaa watu, fimbo na vumbi. Kwandu alikuwa amekuja kutafuta dawa yake ya zamani. Alipomwona Domisiana alimshika mkono, akamvuta katikati ya wanawake wenzake kwa fahari ya mwenye mgeni.

"Ndiye huyu," aliwaambia kwa Kiswahili ili mgeni asikie. "Amekaa zizini kwangu kutwa nzima. Bila shaka amempata mwongo wetu."

Domisiana alitaka kumwambia pale pale, kabla ya kipaza sauti. Alifungua kinywa, lakini Thobias alikuwa ameshapanda nyuma ya pikapu na karatasi aliyompa, yenye muhuri.

"Wafugaji wa Bisibo! Umoja wa Wauza Pembejeo unafuta tangazo ra Safikupe! Dawa hii huogeshwa kira baada ya siku saba! Siyo kuogesha na kuacha! Kira baada ya siku saba!"

Watu walisogea. Wazee kadhaa hawakukielewa vizuri Kiswahili cha kipaza sauti, kwa hiyo Kwandu akajitwika kazi bila kuombwa. Kila Thobias alipovuta pumzi, yeye aligeuza kwa Kisukuma, sauti imepanda, mkono mmoja hewani na mwingine bado umemshika Domisiana.

"Maneno ya kurudia yarikuwepo! Yarifutwa na kamati yenyewe, kwa makusudi!"

Kwandu akageuza. Mguno ulipita.

"Wariosaini ni wawiri! Juvenari Ndayisaba, mwenyekiti! Domisiana Nahimana, mperelezi!"

Kwandu alilitaja jina la kwanza vizuri. Kwa la pili alisita, akamgeukia mgeni wake na kumnong'oneza kwa hasira ya watu walio upande mmoja.

"Huyo Domisiana ni nani? Unamjua?"

"Ni mimi, mama."

Kwandu alidhani hakusikia. Alisogeza sikio.

"Ni mimi. Nilisaini fomu bila kuisoma. Mtu niliyemwamini aliniletea, nikasaini."

Mama yule alimtazama usoni kwa utulivu, kama anayemtafuta yule aliyekaa naye zizini Jumatano. Nyuma yake wanawake walikuwa wanamgusa bega na kumwuliza kwa Kisukuma, jina la pili ni la nani, mbona umenyamaza.

"Na mimi nilikuwa nimekuamini," alisema Kwandu.

Akauachia mkono. Akawageukia wenzake, akawajibu kwa lugha yao, maneno machache tu, bila kupaza sauti. Domisiana hakujua Kisukuma. Lakini jina lake alilisikia, kisha akalisikia tena kwa mdomo mwingine mbele kidogo, na tena, likielekea kwenye kamba za mnada, na wanawake waliokuwa wamemzunguka wakaanza kuondoka mmoja mmoja.